Mti Umetoka Wapi? Kisa cha Mtafiti Aliyehamia Darasani

Kuhusu kisa hiki

Mhusika amekisoma kisa hiki na kukiridhia. Jina, shule, chuo na miaka nimeviondoa, na mambo mawili matatu nimeyabadili ili asitambulike. Ofisini walimu walimwita "Daktari", nusu heshima nusu utani, nami nitamwita hivyohivyo. Kiswahili kinanirahisishia kazi: nikisema "alikwenda" hakuna atakayejua kama ni bwana au bibi. Nilikuwa mwalimu mlezi wake kwa miaka miwili ya mwanzo, kwa hiyo baadhi ya makosa yatakayotajwa hapa ni yangu mwenyewe.

Usuli

Daktari alikuwa na miaka 37, shahada ya kwanza ya biokemia na uzamivu katika fiziolojia ya mimea. Baada ya uzamivu alifanya kazi kwa mikataba mitatu mfululizo, miaka saba kwa jumla, katika maabara mbili. Utafiti wake ulihusu kimeng'enya kiitwacho Rubisko, ambacho ndani ya jani ndicho hukamata kabonidioksidi ya hewani ili igeuzwe kuwa sukari. Kumbuka hilo, maana litarudi.

Aliomba nafasi 17 za uhadhiri wa kudumu. Aliitwa kwenye usaili mara mbili na hakupata hata moja. Hata hivyo, alipokuja kuniona mara ya kwanza, hakuanza na hesabu hiyo. Alisema kwamba katika mwaka wa mwisho wa mkataba aligundua siku anayoingoja ni Alhamisi, siku ya kusimamia majaribio ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Siku nyingine alizipitisha tu. Niliandika neno hilo kwenye daftari langu, kwa sababu wengi wanaotoka vyuoni huniambia wanachokimbia, na ni wachache wanaoweza kusema wanachokifuata.

Mkataba ulikuwa umebakiza miezi kumi na moja. Akiba yake ilitosha matumizi ya miezi sita hivi. Alikuwa na miswada miwili ya makala ambayo haijakamilika.

Njia zilizokuwa mezani

Alikuja na njia nne, na aliyoipenda zaidi ilikuwa uhadhiri wa kufundisha tu, bila wajibu wa utafiti. Ilimvutia kwa sababu asingebadili jengo, cheo wala watu wa kula nao mchana. Alipopiga simu kuuliza, nafasi zote tatu alizozipata zilikuwa za muhula kwa muhula, zikilipwa kwa saa za kuwa darasani, bila malipo ya kuandaa wala kusahihisha. Angetoka kwenye mkataba wa miaka miwili aingie kwenye mkataba wa miezi minne.

Njia ya pili ilikuwa kuandika vitabu vya kiada na maswali ya mitihani. Waajiri wawili walimjibu kwa adabu, na wote walimuuliza jambo lilelile: umewahi kufundisha watoto wa umri huu? Ya tatu, kazi za vituo vya sayansi na makumbusho, ilikuwa na nafasi chache mno. Ikabaki sekondari.

Hapo alipata mshtuko ambao nimeuona kwa wengi. Alidhani uzamivu unatosha kumfanya mwalimu. Katika nchi nyingi hautoshi. Shule za umma kwa kawaida hudai sifa ya ualimu, ambayo mtu mwenye shahada huipata kwa mafunzo ya mwaka mmoja hivi chuoni au kwa kufundishwa akiwa kazini. Wanaopokea maombi nao hutazama masomo ya shahada ya kwanza kabla ya kutazama kichwa cha tasnifu. Kwake yeye biokemia ilimfungulia mlango wa biolojia na kemia, lakini alikuwa na mashimo: ikolojia alikuwa hajaigusa tangu ujana, na umeme, ambao angelazimika kuwafundisha wadogo, ulimtia hofu.

Wiki mbili za kukaa nyuma

Kabla ya kuomba chochote nilimtaka aje akae nyuma ya madarasa kwa wiki mbili za likizo yake. Nilimpa sharti moja: asiangalie mwalimu, aangalie wanafunzi watatu aliowachagua mwenyewe. Siku ya tatu alinionyesha alichokiandika. Mmoja wa wale watatu alikuwa amenakili ubao mzima kwa mwandiko mzuri na hakuelewa hata sentensi moja. "Huyu angekuwa maabara yangu," alisema, "ningemwona ni mfanyakazi hodari."

Baada ya wiki hizo mbili aliamua. Sababu alizotoa zilikuwa tatu: kazi ni ya kudumu, mafunzo ya kazini yanalipwa (akiba ya miezi sita isingevuka mwaka wa masomo chuoni), na watoto walikuwa wamemchekesha. Sababu ya tatu niliichukulia kwa uzito kuliko zile mbili.

Wasifu, barua na usaili

Wasifu wake ulikuwa na kurasa 11. Makala 14, mabango ya mikutano, ruzuku, yote kwa mpangilio wa tarehe. Tuliukata ukabaki kurasa mbili. Makala 14 zikawa mstari mmoja. Kilichopanda juu ni mambo ambayo yeye aliyaona madogo: kusimamia majaribio ya mwaka wa kwanza kwa miaka minne, kuwaongoza wanafunzi wanne wa miradi, kuandika kanuni za usalama za maabara. Mkuu wa shule anayetafuta mwalimu wa kemia anaona jambo la mwisho hilo kama dhahabu.

Barua ya kwanza ilianza kwa kusema anatafuta utulivu wa ajira. Nilimwomba aisome kwa sauti kana kwamba yeye ndiye mkuu wa shule. Aliifuta mwenyewe, akaanza na ile Alhamisi.

Kwenye usaili alipewa somo la majaribio la dakika 20 na akaulizwa swali ambalo kila mwenye uzamivu huulizwa: kwa nini unaacha utafiti, na utakaa hapa muda gani? Nyuma yake kuna hofu ya kweli, kwamba mtu huyu amekuja kupumzika akingoja nafasi ya chuo. Alijibu kwamba amekwisha kukabidhi mswada mmoja kwa mwanafunzi wa maabara yake, wa pili ataumaliza likizo ya kwanza, na baada ya hapo hana deni na chuo. Jibu lenye tarehe ndani yake. Alipata kazi.

Kosa lilikuja siku iliyofuata. Alitia saini mkataba uliomweka ngazi ya chini kabisa ya mshahara, sawa na kijana aliyehitimu juzi, na hakuuliza kama miaka saba ya maabara inaweza kuhesabiwa. Miezi mitatu baadaye mkuu wa idara alimwambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba ingeweza kuhesabiwa sehemu yake kama angeomba kabla ya kusaini. Mimi nilijua. Sikumwambia kwa sababu niliona aibu kuzungumza habari za pesa na mtu anayefuata wito.

Muhula wa kwanza

Jina "Daktari" lilianza kumtesa mapema. Wiki ya pili mwanafunzi alimjia mapumziko akishika shavu, akaomba dawa ya jino.

Alipewa vipindi 22 kwa wiki. Kwa kipindi kimoja cha dakika 40 alitumia saa tano kuandaa, akaja na slaidi 38. Nilikaa nyuma nikahesabu: alifika ya 12 kengele ikalia. Kesho yake alianza na ya 13, mbele ya watoto waliokwisha kusahau ya 3.

Akiuliza swali, alilijibu mwenyewe. Nilimpimia kwa saa ya mkononi na haikufika sekunde mbili. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu ya sayansi aliyeandika juu ya jambo hili katika miaka ya 1970, alikuta walimu kwa wastani husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi majibu hurefuka na wale waliozoea kunyamaza huanza kusema. Nilipomwambia, Daktari alicheka: miaka yote hiyo ya kusubiri vipimo usiku kucha, na sasa sekunde tatu zinamshinda.

Daftari za wanafunzi alizisahihisha kama mhakiki wa jarida. Mtoto aliyeandika mistari sita alirudishiwa maelezo mistari kumi na mbili, wino mwekundu, yakiwa na hoja zilizopewa namba. Hakuna aliyeyasoma. Wengine walidhani wameadhibiwa.

Na kelele. Chuoni mwanafunzi asiyetaka kusikiliza haji. Hapa amekuja, amekaa, na anampiga mwenzake rula. Daktari aliichukua kila kelele kama dharau kwake binafsi. Alikuwa akinyamaza, akikunja mikono, akingoja waone haya. Hawakuona. Mwalimu mmoja mzee wa ofisi yetu, asiye na shahada hata moja ya sayansi, ndiye aliyemwokoa kwa jambo dogo: wanafunzi wakute kazi ubaoni kabla hawajakaa. Kazi ya dakika nne, kila siku, bila maelezo. Nusu ya kelele iliisha ndani ya wiki mbili. Nusu nyingine ilichukua mwaka.

Karatasi 31

Wiki ya tisa alimaliza mada ya usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa kabonidioksidi ya hewani, maji na mwanga wa jua, kwa darasa la wanafunzi wa miaka 13. Hii ndiyo mada aliyoilalia na kuiamkia miaka yote ya utafiti. Alikuwa ameifundisha kwa vipindi sita, na mazoezi ya kujaza mlinganyo walifanya vizuri sana. Nilimshauri awape swali moja tu kwenye kipande cha karatasi: mti mkubwa una uzito wa tani nzima, uzito huo umetoka wapi?

Kati ya 31, waliojibu udongo au mbolea walikuwa 21. Maji, 5. Jua, 2. Hewa, 3.

Alikaa ofisini mpaka jioni na karatasi zile. Alisema jambo moja tu: wote wameandika mlinganyo sahihi, na hakuna anayeuamini. Kesho yake hakuja na hasira wala na slaidi mpya. Alikuja na karatasi zimepangwa mafungu manne, na ndani ya fungu la udongo amezitenga tena: wanaosema mizizi "inakula" udongo, wanaosema mbolea ni chakula cha mmea, na wanaosema udongo hugeuka kuwa mbao. Alikuwa ameanza kuwasoma watoto kama alivyosoma matokeo ya maabara, na kwa mara ya kwanza tangu afike nilimwona ametulia.

Kipindi kilichofuata alifungua na hadithi. Jan Baptist van Helmont, mwanakemia wa kale ambaye kazi zake zilichapishwa mwaka 1648 akiwa amekwisha kufa, alipanda mche wa mti wenye ratili 5 (ratili moja ni karibu nusu kilo) katika udongo mkavu wa ratili 200. Aliumwagilia maji kwa miaka mitano. Daktari alisimama hapo, akawataka kila mmoja aandike udongo utakuwa umepungua kiasi gani. Safari hii alisubiri. Wengi waliandika ratili mia na ushei. Kisha akawapa jibu: mti ulifikia ratili 169 na wakia 3 hivi, na udongo ulipungua wakia 2, yaani gramu kama 60 tu.

Darasa lililipuka. Mmoja alisema huyo mzee alidanganya. Mwingine akasema basi ni maji, na Daktari akamwambia kwamba ndivyo van Helmont mwenyewe alivyohitimisha, naye hakufika. Ndipo akapima kijiti kikavu kwenye mizani, akakichoma kwenye kisahani, akapima majivu. Yalikuwa kidogo mno, hayakujaa hata kijiko. Haya ndiyo yaliyotoka ardhini, alisema. Mengine yamekwenda wapi sasa hivi, mbele ya macho yenu? Msichana wa safu ya mwisho, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno, alijibu polepole: "Yamerudi yalikotoka."

Jina la Rubisko halikutajwa kipindi kizima.

Matokeo

Mwisho wa mwaka wa pili alithibitishwa kazini. Sasa yuko mwaka wa tano. Anaratibu majaribio ya maabara kwa shule nzima, na tangu mwaka wa nne siku moja kwa wiki anaandika maswali ya sayansi kwa chombo cha mitihani, ile njia iliyokuwa imefungwa alipoijaribu kwanza. Walimpokea kwa sababu alikuja na mafungu ya makosa ya watoto, na majibu ya kuchagua yaliyo mabovu lakini yenye mvuto ni kitu ambacho waandishi wengi hukibuni tu mezani.

Mshahara ulirudi kiwango cha maabara mwaka huo wa nne. Mswada wa kwanza ulichapishwa. Wa pili ulikufa: likizo ya kwanza alilala, na alipotaka kuendelea alikuta akaunti yake ya chuo imefungwa, pamoja na barua pepe za miaka saba na njia ya kusoma majarida. Hakuwa amehamisha data. Hilo bado linamuuma kuliko mambo ya mshahara.

Uchambuzi: kilichofaa

Kukaa nyuma kwa wiki mbili kulifaa kuliko ushauri wangu wote. Kulimwonyesha kazi yenyewe kabla hajaichagua, na kulimpa mifano halisi ya kusema kwenye usaili.

La pili, lililo gumu zaidi kulieleza, ni lile lililotokea usiku wa karatasi 31. Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alitenganisha kulijua somo na kujua namna somo lenyewe linavyofundishika: mfano upi unaingia, wanafunzi hukwama wapi, wanakuja na dhana gani vichwani. Daktari alikuwa na la kwanza kwa wingi na la pili kwa uchache, na hilo si aibu. Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, naye alishtuka mwanzoni mwa miaka ya 1990 kukuta wanafunzi wake waliofaulu hesabu nzito wanaanguka katika maswali mepesi ya dhana kuhusu nguvu. Waajiri na watafiti wenyewe hudhani kwamba mtu wa uzamivu analeta shuleni maarifa mengi. Kwa watoto wa miaka 13 maarifa ya ziada yalikuwa mzigo: ndiyo yaliyozaa slaidi 38. Kilichomsaidia ni tabia ya maabara, ile ya kutokasirikia tokeo lisilopendeza na badala yake kulipanga na kulichunguza. Sidhani ningeweza kumfundisha hiyo. Alikuja nayo, ila kwa wiki tisa hakujua kwamba ni halali kuitumia hapa.

Iliwahi kuzidi kipimo. Muhula wa pili alianza kukusanya karatasi kila kipindi, na jedwali lake la kompyuta likawa na safu 40. Watoto walichoka, nikamwomba aache. Sasa hufanya mara moja kwa mada.

Uchambuzi: kilichoharibika

Mshahara nimeutaja. Data za mswada pia: miezi kumi na moja ya notisi ilitosha kuhamisha kila kitu, na hakuna aliyemwuliza.

Kosa langu kubwa lilikuwa ratiba. Nilimpangia madarasa sita tofauti, yakiwamo mawili ya juu, kwa fikra kwamba mwenye uzamivu atafurahia wakubwa. Maana yake ni maandalio sita tofauti kwa mtu anayetumia saa tano kwa kila moja. Angepewa darasa moja kwa mikondo minne angefundisha kipindi kilekile mara nne kwa wiki, akirekebisha kila mara, na jambo hilo la kurudia jaribio ndilo analolijua kuliko sote. Mwaka uliofuata mtafiti mwingine alipokuja nilimpangia hivyo. Hakulia chooni wiki ya sita, jambo ambalo Daktari alilifanya na nikalijua baada ya mwaka.

Lingine ni upweke. Maabara ilikuwa na watu wanane wanaojua unachokisema. Shuleni alikuwa peke yake na cheo ambacho wengine walikiogopa kidogo, wakidhani anawadharau, naye akidhani wanamdharau. Yule mzee wa kazi ya dakika nne alivunja ukuta huo kwa bahati tu. Kama angekuwa likizo muhula ule, sijui kisa hiki kingekwenda wapi.

Swali lilelile, miezi saba baadaye

Mwisho wa mwaka ule wa kwanza Daktari aliwapa tena swali la mti bila kuwaonya. Walikuwa 30, mmoja amehama. Hewa, au hewa pamoja na maji, 19. Maji peke yake, 2. Udongo, 9.

Mkuu wa shule alitaka kulitaja hilo kwenye kikao cha wazazi kama mafanikio. Daktari alikataa: hapakuwa na darasa la kulinganisha, swali walikuwa wameliona kabla, na huenda wengine walikumbuka hadithi ya mzee na mche tu. Zile karatasi tisa za udongo bado ziko kwenye droo ya meza yake. Moja ni ya mtoto aliyeandika "hewa" mara ya kwanza.